Sura ya Tano: Kitenzi Hukatwa Mara Mbili

Andika jina la mji wa Songea bila herufi kubwa, utapata kitenzi: songea, yaani karibia, jongea. Jina lenyewe halikutoka huko. Ni la mtu, Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa ajili ya vita vya Maji Maji. Lakini kwa kazi ya sura hii sadfa hiyo inatufaa. Mtoto wa darasa la kwanza pale Mfaranyaki au Lizaboni, akiambiwa alisome taratibu, atalikata hivi: so-nge-a. Kaka yake aliye sekondari, akiambiwa achanganue kitenzi, na kama darasani hakusinzia, atakata hivi: song-e-a. Mzizi ni song, -e- ni ya kauli ya kutendea, -a ni kiishio. Kisu cha mtoto kimepita kabla ya ng, cha kaka yake kimepita baada yake. Hakuna aliyekosea.

Mtoto amefuata mdomo, kaka amefuata maana. Sura hii nzima inahusu mahali ambapo njia hizo mbili zinaachana, na sehemu chache za ajabu ambapo mmoja anamlazimisha mwenzake abadili umbo la neno.

Walimu wa Kiswahili wanalijua kosa moja linalorudi kila mtihani. Mwanafunzi anaulizwa mofimu za anacheza, anaandika a-na-che-za. Si uzembe. Alianza kusoma kwa ba be bi bo bu, mkono wake umezoea kukata kila baada ya irabu, na viambishi vya mwanzo vinamhadaa, kwa sababu a- na -na- ni silabi kamili na mofimu kamili kwa wakati mmoja. Mdomo na maana vinatembea pamoja mpaka mlangoni mwa mzizi, ndipo vinapogombana. Mizizi ya vitenzi vya Kibantu kwa kawaida huishia kwa konsonanti: lim, song, chez, pik. Mdomo wa Mswahili haupendi kuishia hapo. Konsonanti ya mzizi inanyakuliwa na irabu inayofuata, iwe ni ndugu yake au la, na mzizi unabaki umegawanyika kati ya silabi mbili.

Ili kuliona jambo hili vizuri inasaidia kuwa na lugha nyingine pembeni, na nimechagua Kiitaliano. Sababu yangu ni ya mahali. Wamisionari wa Songea walikuwa Wabenediktini kutoka Ujerumani. Wakonsolata wa Italia walikwenda Iringa, tangu mwaka 1919. Kwa hiyo Kiitaliano hakikuja Songea. Ni watu wa Songea wanaokifuata: padre anayetumwa Roma kusoma sheria za Kanisa, sista anayekwenda kwenye malezi, frateri aliyepita Seminari Kuu ya Peramiho na sasa amewekewa mbele kitabu cha sarufi chenye majedwali ya vitenzi, ukurasa baada ya ukurasa. Watu hawa tayari wana Kiswahili, na wengi wana Kingoni, Kimatengo au Kindendeule nyumbani. Nadhani hawajui utajiri walio nao wanapofungua kitabu kile.

Tuanze na mdomo. Kanuni ya Kiswahili ni fupi: silabi huishia kwa irabu. Majina ya Ruvuma yanaionyesha bila shida. Mapunda ni Ma-pu-nda. Komba ni Ko-mba. Ndunguru ni Ndu-ngu-ru, Haule ni Ha-u-le, silabi tatu kamili. Kata ya Bombambili ni Bo-mba-mbi-li. Sasa mpe Mwitaliano majina hayohayo ayakate mwisho wa mstari. Ataandika Ma-pun-da, Kom-ba, Bom-bam-bi-li. Kwake n na m zikifuatwa na konsonanti hufunga silabi iliyotangulia, kama anavyokata can-to, “ninaimba”, au man-da-no, “wanatuma”. Haule atamfanyia silabi mbili, tena bila h, maana herufi hiyo kwake haina sauti. Na mji wenyewe atauita Sonjea, kwa sababu g mbele ya e au i husikika kama j yetu, hivyo usishangae mgeni wa kutoka Bologna akitafuta basi la kwenda mahali ambapo hakuna mtu amewahi kupasikia.

Herufi ni zilezile, lakini mpaka umehama kwa nafasi moja. Kwetu nd, mb na ng ni sauti inayoanza na pua na kumalizikia mdomoni kwa pumzi moja, na hukaa mwanzoni mwa silabi. Kwa Mwitaliano ni sauti mbili za majirani wawili wanaokaa nyumba tofauti.

Kanuni yetu ina wakaidi wake. Maneno ya kukopa kama labda, askari na daktari yana silabi zinazofungwa, lab-da, as-ka-ri, dak-ta-ri, na ndiyo maana bara utasikia labuda na dakitari: mdomo unatafuta irabu yake. Mkaidi wa pili ni m. Katika Mfaranyaki, m inasimama peke yake kama silabi, M-fa-ra-nya-ki. Katika Mbano imemezwa, Mba-no. Nani anaamua? Hapa maana ndiyo inayouongoza mdomo. Mkulima wa kahawa wa Mbinga akisema mbuni, mti wake, anasema m-bu-ni, kwa kuwa m- ni kiambishi cha ngeli, kama katika mti na mpera. Akimsema mbuni yule ndege mrefu mwenye mbio, anasema mbu-ni, silabi mbili tu. Maandishi hayatofautishi, sikio linatofautisha.

Kiitaliano nacho kina jambo ambalo sikio la Ruvuma hulikosa mwanzoni, konsonanti maradufu. Konsonanti ikiwa mbili, moja hufunga silabi ya nyuma na nyingine hufungua ya mbele: fat-to. Mgeni hudhani ni mapambo ya tahajia. Hapana. Cade, ca-de, ni “anaanguka”. Cadde, cad-de, ni “alianguka”. Wakati wote uliopita umebebwa na d ya ziada. Fumo ni “ninavuta sigara”, fummo ni “tulikuwa”. Frateri wa Kimatengo ana dawa yake mwenyewe hapa, ingawa hakuna kitabu kitakachomwambia. Anapojiita Mmatengo anatamka m mbili, na ya kwanza ni silabi kamili. Aishike hiyo ya kwanza, aifupishe, aiegemeze kwenye irabu iliyotangulia, ataipata fummo bila kusahihishwa mara kumi.

Sasa kitenzi chenyewe, na hapa bahati imetutendea mema. Waitaliano wana kitenzi limare, kupiga tupa, na mzizi wake ni lim. Waswahili tuna kulima, mzizi wake ni lim. Wangoni nao husema kulima. Hakuna undugu kati ya limare na kulima. Kile cha kwanza kimetoka Kilatini, hiki ni urithi wa Kibantu. Ila katika mji ambao kabla ya mvua fundi hukaa barazani akinoa majembe kwa tupa, mtu anaweza kusema, bila kudanganya, kwamba vitenzi hivi viwili vimekutana kwenye jembe moja.

Viweke sambamba. Mwitaliano anasema limo, limi, lima, limiamo, limate, limano: mimi, wewe, yeye, sisi, ninyi, wao. Mzizi umetulia mbele, na mtendaji anajulikana mwishoni. Mswahili anasema nalima, walima, alima, twalima, mwalima, walima. Mtendaji anaingia wa kwanza, mzizi unakaa nyuma. Anayemsikiliza Mswahili anajua nani kabla ya kujua nini. Anayemsikiliza Mwitaliano anajua nini, kisha anasubiri silabi ya mwisho ajue nani. Na kwa wote wawili mdomo unakata palepale, li-ma, ukiiacha maana ikilalamika kwamba m ilikuwa ya mzizi. Chukua umbo refu zaidi, limavano, “walikuwa wakipiga tupa”. Maana inakata lim-a-va-no: mzizi, irabu ya kundi la vitenzi vya -are, alama ya wakati, alama ya wao. Mdomo unakata li-ma-va-no. Mikato mitatu kila upande, na ni mmoja tu uliokosana, ule wa m. Baada ya hapo va na no ni silabi na mofimu pia. Kwa hiyo ugomvi ni uleule wa anacheza, umegeuzwa tu upande wa pili: kwa Mswahili utulivu uko kabla ya mzizi, kwa Mwitaliano uko baada yake.

Lakini kwa wingi wa kazi zinazobebwa na silabi moja, Kiswahili hakina mpinzani hapa. Sikiliza sentensi ambayo mtu yeyote wa Songea anaweza kuisema kuhusu baba yake: “Shamba hili alililima mwenyewe.” Alililima. Mdomo unahesabu a-li-li-li-ma, silabi tano, na tatu kati yake ni li. Ya kwanza ni wakati uliopita. Ya pili ni shamba. Ya tatu si mofimu hata kidogo, ni kipande cha mzizi kilichotenganishwa na m yake. Sikio halipati msaada wowote kutoka kwenye sauti, kwa kuwa li ni li. Linasaidiwa na nafasi tu: ya kwanza baada ya mtendaji ni wakati, inayougusa mzizi ni mtendwa. Ukitaka kumjaribu mwanafunzi mwenye majivuno, mwandikie “jembe lililolilima shamba hili” na umwambie aeleze kila li. Li-li-lo-li-li-ma. Jembe, wakati, kirejeshi, shamba, nusu ya mzizi, na nusu iliyobaki ikiwa imeshikana na kiishio. Mswahili wa miaka minne anaitamka bila kufikiri. Mwitaliano anayejifunza Kiswahili, awe anatumia kamusi ya Padre Vittorio Merlo Pick au yuko kwenye madarasa ya Chuo Kikuu cha Napoli L'Orientale ambako Elena Bertoncini Zúbková alifundisha, anahitaji karatasi na kalamu.

Anahitaji pia kujua aanzie wapi, maana kamusi zetu hazimpokei kwa mlango wa silabi. Alililima haipo chini ya A. Hawajalimiwa haipo chini ya H. Lazima avue ha-, wa-, -ja-, kisha upande wa nyuma avue -iw-, afike kwenye lim, arudishe -a, ndipo afungue herufi L. Mwenzake wa Ruvuma anayetafuta limavano katika kamusi ya Kiitaliano ana kazi ndogo: herufi za mwanzo ziko palepale alipo. Hii ndiyo faida kubwa ya kitenzi chenye mzizi mbele, nayo ni faida ya makarani na watunga kamusi. Mzungumzaji haimhusu.

Watu wa kwanza kuandika sarufi za Songea walitoka shule za Kilatini, shule ambazo kitenzi hujulikana kwa mkia wake. Padre Cassian Spiss, mtu wa Tiroli aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898, alichapisha mwaka 1904 kazi iliyoitwa Kingoni und Kisutu. Mwaka uliofuata, akiwa ameshakuwa askofu, aliuawa katika Maji Maji. Majina mawili katika kichwa kile yana historia. Wangoni walifika kutoka kusini mwa Afrika katika karne ya 19 wakiwa na lugha ya ukoo wa Kizulu, wakawatawala wenyeji, wenye hicho Kisutu, na wenyeji wakawashinda kwa lugha. Padre Elzear Ebner alipoandika sarufi yake mwaka 1939 aliita alichokisikia Kingoni Kipya. Kizulu husema umuntu na abantu. Kingoni cha leo husema mundu na vandu. Profesa Deo Ngonyani alitoa sarufi ya Chingoni mwaka 2003, na lugha anayoieleza ni ya majirani wa hapa, si ya Natal.

Mgawanyo wa mundu ni mu-ndu. U bado ipo. Kiswahili kiliiangusha u ile, m ikabaki peke yake na kulazimika kuwa silabi: m-tu. Kwa hiyo mtoto wa Kingoni anayeanza shule hakuti tu maneno mapya, anakuta aina ya silabi ambayo lugha ya bibi yake iliijaza irabu. Ukanushaji nao hukaa kwingine. Kiswahili huubandika mbele kabisa, ha-, kabla hujajua hata kitendo ni kipi. Kingoni huuweka baada ya kitenzi, neno lepa likisimama peke yake kama mtu aliyechelewa kufika kikaoni lakini akabatilisha kila kilichosemwa. Kwa mtafsiri wa mahakamani jambo hilo ni zito: akianza kutafsiri mapema, atakuwa ameshamtia mtu hatiani.

Niseme pia kwamba nafasi tunazoacha kati ya maneno si sheria ya maumbile. Kizulu huandika ngiyakuthanda, “ninakupenda”, neno moja. Setswana, jirani yake, huandika ke a go rata, maneno manne, ingawa viungo vyake vinafanya kazi za namna moja na vile vya Kizulu. Tofauti ililetwa na wamisionari na kamati za tahajia. Kiswahili kilipewa njia ya Kizulu, na mimi nashukuru, japo gazeti la safu nyembamba haliwezi kushukuru.

Kuna mahali ambapo Kiswahili na Kiitaliano vinafanana kwa kina zaidi kuliko mizizi ya bahati nasibu, na hapo ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Ni wakati ujao.

Limerò, “nitapiga tupa”, linaonekana kama mzizi na mkia. Ukweli ni maneno mawili yaliyogandana. Walatini wa mwisho walisema kitu kama “kupiga-tupa ninako”: jina la kitendo, limare, likifuatwa na kitenzi cha “kuwa na”. Limare na ho vikasemwa haraka karne nyingi, vikawa limerò. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa masharti pia: limerebbe, “angepiga tupa”, ndani yake kuna ebbe, “alikuwa na”. Sasa tazama atalima. Wanahistoria wa lugha wanaieleza -ta- kuwa ni mabaki ya -taka: ataka kulima, ikabanwa, ikawa atalima. Mwitaliano alikuwa na kitenzi kisaidizi nyuma, kikawa mkia. Sisi tulikuwa nacho mbele, kikawa kiambishi. Lugha mbili zisizojuana zimefanya kazi ileile ya kushona, kila moja kwa upande wake.

Ushahidi kwamba palikuwa na ku- katikati bado tunao mdomoni kila siku. Atalima, lakini atakula. Amesoma, lakini amekufa. Analia, lakini anakuja, anakunywa. Kwa nini vitenzi vifupi vinang'ang'ania ku- ambayo vingine vimeitupa? Kwa sababu mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na -la, -fa, -ja, -nywa, hata pamoja na kiishio, zina silabi moja tu. Kungekuwa na *atala, mkazo ungeangukia -ta-, na -ta-, -na-, -li-, -me- hazikubali kuubeba. Ku- ikabakizwa iubebe. Si ya maana. Haiongezi chochote kwenye habari. Ni nguzo ya mdomo iliyosimamishwa ndani ya jengo la maana.

Tunajua ni nguzo kwa sababu ikipatikana nyingine inaondolewa. “Amekula ugali.” Lakini: “Ugali ameula.” Kiambishi -u- cha ugali kimeingia mbele ya -la, kimechukua mkazo, na ku- imekwenda zake bila kuagwa. Simba amekula mtu, simba amemla: a-me-m-la, na ile m, silabi isiyo na irabu, inabeba mkazo wote kifuani. Viambishi vingine vina nguvu ya kuubeba vyenyewe, ndiyo maana tunasema akala, akaja, akila, hajala, asile, hula. Mtu anayejifunza Kiswahili ukubwani huambiwa akariri orodha mbili za viambishi. Afadhali aambiwe asikilize mkazo, na orodha zitajipanga.

Mwitaliano naye ana vitenzi vilivyopungukiwa na mwili, na mdomo wake una tiba yake. Amri za da', “toa”, fa', “fanya”, di', “sema”, ni silabi moja moja. Zikiunganishwa na mi, “kwangu”, hazibaki dami, fami. Zinakuwa dammi, fammi, dimmi: dam-mi, fam-mi, dim-mi. M imeongezwa isiyo na maana yoyote, ili silabi fupi ya mbele ifungwe na kutosha. Linganisha na amri zetu: lima! soma! Lakini: kula! kunywa! Hakuna mama wa Songea anayemwambia mtoto la! akitaka ale, hilo lingekuwa katazo. Huko wanaongeza konsonanti, huku tunabakiza silabi, na sababu ni moja.

Mkazo ndio unaomtesa zaidi frateri wetu mwezi wa kwanza Roma. Kwake mkazo haujawahi kuwa swali, hukaa pale ulipo. Maneno kama barabara, ambayo maana hubadilika kwa kuhamisha mkazo, tunayahesabu kwa vidole. Kiitaliano kinautumia mkazo kufanya kazi ya sarufi. Limo, mkazo mwanzoni, “ninapiga tupa”. Limò, mkazo mwishoni, “alipiga tupa”. Silabi mbili zilezile. Nafsi imebadilika na wakati umebadilika. Limano husemwa kwa kukaza LI, silabi ya tatu kutoka mwisho, naye atasema liMAno mpaka midomo ichoke. Telefonano, “wanapiga simu”, hukazwa kwenye le, ya nne kutoka mwisho, silabi tatu zikiburutwa nyuma. Na ukitaka kuona konsonanti maradufu ikifanya kazi peke yake, mkazo ukiwa palepale, sikiliza limeremo na limeremmo. Ya kwanza “tutapiga tupa”, ya pili “tungepiga tupa”. Li-me-re-mo, li-me-rem-mo. Ahadi na sharti vimetenganishwa na m moja, na mtu aliyekulia kwenye silabi zilizo wazi anaweza kuahidi asichokusudia.

Mambo haya yana upande wa karakana. Kiwanda cha uchapaji cha Peramiho kimetoa vitabu vya sala na vya shule kwa miaka mingi, na mpanga herufi yeyote analijua swali la mwisho wa mstari: neno refu likatwe wapi? Msimamo wangu ni kwamba katika kuchapa mdomo upewe haki. Msomaji aliyefika ukingoni mwa mstari na kukuta hawajali-, kisha mstari wa pili ukaanza na miwa, anaendelea kusoma. Ukimkatia hawajalim-, iwa, kwa heshima ya mzizi, atajikwaa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na kompyuta, na kompyuta iliyofundishwa kanuni za Kizungu hukata Mapun-da na Kom-ba bila haya. Katika kamusi na darasa la sarufi, kinyume chake, maana ishike kisu. Tatizo la shule zetu ni kwamba tunafundisha mkato wa kwanza kwa miaka miwili, wa pili tunauleta baadaye sana, na hakuna siku inayotengwa ya kuiweka yote miwili ubaoni pamoja.

Nimesema nazali, yaani sauti ya pua kama n ya nd au m ya mb, kwetu huhamia silabi ya mbele. Katika Kiyao, lugha ya Tunduru upande wa mashariki wa mkoa, inahama kwa malipo. Irabu za Kiyao zinaweza kuwa fupi au ndefu, na urefu hubadili maana. Irabu inayotangulia nd, mb, ng na wenzake, hata kama kwa asili ni fupi, hurefuka. Armindo Ngunga wa Msumbiji, aliyeandika kitabu kizima juu ya sauti na umbo la kitenzi cha Kiyao, amelieleza jambo hili kwa kina, na Waganda nao wanalo: okugenda husikika okugeenda. Maelezo ya wanaisimu ni kwamba nazali ilikuwa imefunga silabi ya nyuma, kama anavyofanya Mwitaliano. Ilipohamia mbele, kama tunavyofanya sisi, muda wake haukuhama nayo. Ulibaki pale, irabu ikaujaza. Kwa hiyo Kiyao kinakata kama Kiswahili na kupima kama Kiitaliano. Anayekitungia tahajia ana uamuzi wa kufanya: irabu hiyo iandikwe mara moja au mara mbili? Kuiandika mara mbili ni kuongeza wino bila sababu, maana msomaji wa Tunduru akiona nd mbele yake ataivuta tu.